Wewe ni wa Nani?

Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Wachagga, Wameru na Waarusha, jumla watu 19. Masimulizi ya huko yanasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, alikidai kwa miaka mingi.

Mafuvu ya namna hiyo yalikusanywa Berlin na Felix von Luschan. Ndiye huyo aliyebuni vigae 36 vya kioo vya kupimia rangi ya ngozi: weka kigae kando ya mkono wa mtu, andika namba, basi. Mtu mweusi aliandikwa kabla hajasema neno. Frantz Fanon, daktari wa Martinique, alieleza mwaka 1952 jinsi jicho la mwingine linavyomfunga mtu ndani ya ngozi yake hadi naye ajitazame kwa jicho hilo.

Mlimani, kwa Wachagga, huulizwa kingine: wewe ni wa nani? Ukitaja ukoo umetaja na kihamba chenyewe, yaani migomba, kahawa, makaburi ya wazee, mimea ya masale mpakani. Ingekuwa rahisi kusema swali hili ni la utu na la Luschan si la utu, tukaishia hapo. Ila kihamba nacho kina ukali wake. Kwa desturi hurithiwa na watoto wa kiume. Binti aliyezaliwa humo huambiwa kwake ni kwa mume, na akiachika huko hajui aseme ni wa nani.

Wala weusi hao wa Luschan hawakuwa kitu kimoja. Mwaka 1891 Rindi, baba yake Meli, alishirikiana na Wajerumani kumpiga Mangi Sina wa Kibosho. Kumwita Rindi msaliti wa Waafrika ni kumdai deni la umoja ambao haukuwapo bado. Umoja huo uliundwa baadaye, na watu waliopimwa kwa vigae vilevile. Februari 1963, wajumbe wa Afrika na Asia walipokutana Moshi kwa mkutano wa mshikamano, umoja huo ulikuwa tayari una sauti. Kwamba uliundwa hakuufanyi kuwa wa uongo. Hata nyumba hujengwa, na watu wakalala humo.

Septemba 2023 zikaja habari kutoka Berlin: vinasaba vya mafuvu kadhaa ya mkusanyo wa Luschan vimelingana na vya watu walio hai Tanzania, mmojawapo wa wafu akiwa akida wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Maabara tena, vipimo tena! Lakini safari hii wazao ndio waliotoa mate yao kwa hiari, na swali lililopelekwa maabara lilikuwa lao: huyu ni wa nani?

Mkusanyo huo una mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda. Yapo ambayo hayatapata ukoo kamwe. Kwa hayo halibaki jina jingine ila lile pana, Mwafrika, na hapo jina hilo linadaiwa zaidi ya hotuba. Watu wasiowahi kuwajua wafu hao watapaswa kusema ni wetu, kisha watoe ardhi ya kuwazika; na huku mlimani, ambako ndugu wa tumbo moja hupelekana mahakamani kwa hatua chache za kihamba, hilo si ombi dogo.