Ramadhani 12: Ukoo wa Aliyekosea Uko Wapi?



Wiki moja kabla ya mwezi kuandama, simu zetu zilijaa ujumbe wa aina moja: nisamehe kwa nililokukosea, kwa kujua au kwa kutojua. Mimi nilipokea kama arubaini hivi, nami nikatuma zangu. Ni desturi nzuri, tusiiache. Tunajua kwamba haki ya Mwenyezi Mungu Yeye mwenyewe huisamehe akitaka, lakini haki ya mja inamngoja mja asamehe au alipwe.

Ila nikiwa natuma, nikakumbuka mtu mmoja ambaye nambari yake sina, na sijui hata kama yuko hai. Leo nataka tuzungumze juu ya huyo.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1444, iliyoingia Machi 2023. Baada ya tarawehe alisimama mzee mmoja pale mlangoni, karibu na viatu. Mfugaji, kutoka pande za Garissa. Amekuja mjini kwa mpwa wake anayelinda duka usiku. Hakuwa mzoefu wa kuomba, ungemwona tu namna alivyokuwa akitazama chini. Akatueleza kwamba kabla ya ukame alikuwa na ng'ombe zaidi ya sitini. Nisabu ya zaka ya ng'ombe ni 30, kwa hiyo huyu alikuwa mtoaji zaka. "Mwaka huu," akasema, "niko kwenye foleni ya kupokea."

Tukamchangia. Kijana wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Mzee wangu, subiri. Hii ni qadari."

Mzee akamjibu kwa upole. "Mwanangu, qadari mimi naiamini tangu hujazaliwa. Lakini nimesikia redioni wakisema jua hili na mvua hii kuna mikono ya watu ndani yake. Sasa kwetu sisi, mtu akiua mtu bila kukusudia, ukoo wake mzima unakaa chini, unachanga ngamia, diya inalipwa, na maisha yanaendelea. Hili la mvua, aliyekosea ni nani? Na ukoo wake uko wapi?"

Hakuna aliyejibu. Alizipokea zile pesa, akatuombea dua ndefu, akaenda zake. Sisi tukatafuta viatu vyetu.

Ndugu zangu, tumechelewa, lakini hebu leo tujaribu kumjibu.

*Je, kweli kuna mikono ya watu?*

Ukame ule ulianza mwishoni mwa 2020. Misimu 5 ya mvua, vuli na masika, ilikosa kutimia kwa kufuatana, kusini mwa Ethiopia, Somalia na mashariki na kaskazini mwa Kenya. Hapa Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Somalia ilikuwa mbaya zaidi: ripoti iliyotolewa 2023 na wizara ya afya ya nchi ile pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ilikadiria vifo 43,000 vya ziada katika mwaka 2022 pekee, na nusu yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Watoto wa Kiislamu, jirani zetu, ambao hawakuwa hata wamefikia umri wa kufunga.

Siku chache tu baada ya Idi ya mwaka ule, jopo la wanasayansi, wakiwemo wa hapa Afrika Mashariki, likatoa uchunguzi wake. Walikubali kwamba ukame umekuwepo tangu zamani, na kwamba hali ya bahari inayoitwa La Niña, ambayo ni ya kawaida, ilichangia. Lakini wakasema joto lililoongezwa na binadamu limefanya ukame wa namna ile uwezekane takriban mara 100 zaidi kuliko zamani. Sababu kubwa ni kwamba hata ile mvua kidogo iliyonyesha ilikaushwa na joto kabla majani hayajainuka. Katika dunia isiyo na joto hili, uhaba uleule wa mvua usingefika kuwa janga lile.

Na joto limetoka wapi? Tukichoma makaa ya mawe, petroli, dizeli na gesi, inatoka hewa ya ukaa, nayo inatanda juu kama blanketi, inazuia joto lisitoke. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni 1 za hewa, kama 280 zilikuwa za hewa hiyo. Sasa zimepita 420. Na hewa hii haiondoki upesi. Sehemu ya moshi uliotoka kiwandani Ulaya au Marekani enzi za babu wa babu zetu bado iko juu ya vichwa vyetu leo.

Kwa hiyo mzee alisikia sawasawa. Na wala si jambo geni kwetu. Qur'ani yenyewe, katika Surat Rum aya ya 41, inafunganisha uharibifu wa bara na bahari na matendo ya watu.

*Lakini si qadari?*

Ndiyo, ni qadari. Hakuna jani linaloanguka ila kwa ujuzi Wake. Lakini hebu tazama sheria yetu. Dereva amemgonga mtu barabarani, hakukusudia, mtu amekufa. Ajali ile ni qadari, ajali ya marehemu imefika. Je, dereva anaambiwa nenda nyumbani? La. Suratun Nisaa aya ya 92 imeweka hukumu ya anayeua kwa kukosea: kuna diya kwa jamaa za marehemu, na kuna kafara juu yake mwenyewe, ambayo asiyekuwa na mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi 2 mfululizo. Hakuitwa muuaji wa makusudi, wala hakuachwa akajifichia nyuma ya qadari. Qadari inamfariji aliyefiwa. Haimfutii deni aliyekosea.

Sasa hapa pana jambo ambalo mzee yule, asiyejua kusoma, alilijua kuliko sisi tuliomzunguka. Diya ya kukosea haibebwi na mtu mmoja. Inabebwa na aaqila, yaani jamaa zake wa kiumeni, wakagawana kidogo kidogo kwa miaka 3. Katika madhehebu yetu ya Shafi, tajiri anatoa nusu dinari kwa mwaka, wa katikati robo dinari, na fukara hatozwi kitu.

Wengi wetu tukiisoma hukumu hii tunashangaa: mbona mtu alipe kosa la binamu yake? Lakini ndiyo hekima. Kuna madhara makubwa ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuyabeba, na bado haki ya aliyedhurika haipotei. Anayenufaika na ukoo siku za raha hubeba na ukoo siku ya deni.

Sitoi fatwa, masheikh wetu wapo. Mimi nafananisha tu. Lakini naona kwamba swali la mabadiliko ya tabianchi linatushinda kwa sababu tunatafuta mhalifu mmoja mwenye jina, tusipompata tunasema basi, ni Mungu tu. Fiqhi yetu inatufundisha kuuliza vingine: ni ukoo gani ulionufaika na ule moto, na kila mmoja ndani yake ana uwezo kiasi gani?

*Basi ukoo huo ni nani?*

Kwanza ni wale waliochoma zaidi. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa yote ya ukaa iliyotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe tangu viwanda vianze. Leo kwa mwaka mmoja mmoja anayeongoza ni China. Afrika nzima, yenye karibu asilimia 18 ya watu wa dunia, inatoa takriban asilimia 4. Yule mzee na ng'ombe wake hata huwezi kuwaona katika hesabu hiyo.

Na neno "hatukujua" limeanza kuchakaa. Lilifaa mwaka 1900. Tangu 1992, mataifa yalipotia saini mkataba wa tabianchi kule Rio, kila serikali inajua. Mafaqihi wetu wanatofautisha baina ya kukosea kabisa na kosa linalokaribia makusudi, na hilo la pili diya yake ni nzito zaidi.

Lakini tusifurahie kuwanyooshea vidole wazungu tukasahau kwetu. Mafuta mengi ya dunia hii yamechimbwa katika nchi za Kiislamu. Fedha zake zimejenga misikiti, visima na madrasa, na huku pwani tumefaidika nazo. Shukrani ni wajibu, na kuhesabu pia ni wajibu.

Na sisi wenyewe? Mama anayepika kwa makaa chumba kimoja Kisauni ni kama yule fukara, hatozwi. Lakini mimi nina gari. Msikiti wetu una viyoyozi vinavyowashwa dakika ishirini kabla ya watu kuingia. Na futari zetu, jamani. Viazi karai, mahamri, mbaazi, kaimati, tambi, biriani, halafu saa nne usiku nusu yake inakwenda jaani. Mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni 1 za chakula. Chakula kinachopotea na kutupwa, ukihesabu kulimwa, kusafirishwa na gesi inayotoka kikioza, kinabeba asilimia 8 hadi 10 ya gesi zinazoipasha dunia joto. Yaani tunafunga mchana ili tuonje njaa ya maskini, kisha usiku tunachangia kuiongeza ile njaa. Sehemu yetu ni ndogo, kweli. Lakini robo dinari nayo ni ndogo, na hakuna mwanachuoni aliyesema kwa udogo wake isilipwe.

*Sadaka au diya?*

Hapa ndipo pananichoma mimi.

Novemba 2022, mkutano wa Sharm el-Sheikh nchini Misri ulikubali kuanzisha mfuko wa kusaidia nchi zilizopata hasara kwa tabianchi, na mwaka uliofuata Dubai ukaanza rasmi. Alhamdulillah, ni hatua. Lakini mataifa makubwa yalishikilia jambo moja: kwamba kinachotolewa kisiitwe fidia, wala kisiwe kukiri deni. Kila mmoja atoe kwa hiari yake.

Yaani wanatoa kama sadaka. Na sisi usiku ule mlangoni tulifanya hivyohivyo.

Tofauti ni ipi, kama pesa ni zilezile? Tofauti ni kubwa. Sadaka ni ihsani ya mtoaji, akitaka anatoa, asipotaka haulizwi, na mpokeaji anainamisha kichwa. Diya ni haki ya mpokeaji. Anaipokea akiwa amesimama, na mtoaji ndiye anayeinamisha kichwa. Sisi tulimfanya mtu mwenye haki asimame kama mwombaji, kisha tukaenda kulala tukijiona tumetenda wema.

Rudini tena kwenye ile aya ya Nisaa, muisome wenyewe leo baada ya Alasiri. Mtakuta sadaka imetajwa mle ndani. Lakini tazameni anayeitoa ni nani. Si aliyekosea. Ni jamaa za marehemu, wakiamua kuisamehe diya yao. Katika mlango ule, mwenye uwezo wa kutoa sadaka ni aliyedhurika peke yake.

Sasa nauliza: usiku ule, baina yetu na yule mzee aliyeinua mikono akatuombea, nani alimpa sadaka mwenzake?

Na mnakumbuka Mtume wetu (s.a.w.) alivyomweleza muflisi wa umma huu: mtu anayekuja Kiyama na swala, swaumu na zaka, lakini amewadhulumu watu, basi thawabu zake zinagawiwa mmoja mmoja mpaka zinakwisha. Huenda miongoni mwa watakaosimama kudai wapo ambao hatukuwahi kuwaona uso.

*Tufanye nini?*

Mambo matatu tu, yanayowezekana mwezi huu.

Kwanza, futari. Kila nyumba ipunguze sahani moja tu jioni, na kinachobaki kisilale jaani. Kabla ya Isha kitafutiwe mlaji.

Pili, kamati yetu ya msikiti itazame umeme na maji, viyoyozi viwashwe watu wakiwepo, na mifereji ya udhu isiachwe ikimwagika. Mtume (s.a.w.) alitosheka na kiasi cha viganja viwili vya maji kwa udhu, naye ni yeye.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi: kila mwenye uwezo atenge kitu kwa ajili ya ndugu zetu wafugaji, mbuzi wa kuanzia upya au mchango wa kisima. Lakini akitoa, abadilishe nia. Asiseme namsaidia maskini. Aseme: Ya Rabbi, hii ni sehemu yangu katika deni nisilojua hesabu yake. Na ukimkabidhi mtu mkononi, mpe kama unavyolipa deni, kisha umwombe yeye akusamehe.

Mzee wangu, popote ulipo. Uliuliza ukoo uko wapi. Ulikuwa umesimama mbele yako, tumevaa kanzu, tunatafuta viatu. Tusamehe.

Ewe Mola wetu, tutakabalie swaumu zetu, wape mvua ya kheri walioikosa, na usitukutanishe Nawe tukiwa na haki ya mja tusiyemjua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho inshaAllah baada ya Alfajiri. Ukiona lina faida, mfikishie mwenzako.