Shilingi ya Mama Mboga Angani

Sema mtaani kwamba serikali inafaa kuwapa wanafunzi wa chuo kikuu pesa za kuunda setilaiti, na utaulizwa papo hapo: kwani tumeshiba? Swali hili halitoki kwa wajinga. Anayeliuliza ana mtoto anayesubiri mkopo wa HELB, na bei ya unga anaijua kuliko waziri.

Wala si swali jipya. Mwaka wa 1970 mtawa aliyekuwa akifanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia mwanasayansi wa NASA, Ernst Stuhlinger, akimuuliza inakuwaje mabilioni ya dola yatumike angani huku watoto wakifa njaa. Stuhlinger akamjibu kwa kisa cha bwana mmoja tajiri wa Ujerumani ya zamani. Bwana huyo aliwagawia maskini mali nyingi, lakini pia alimtunza mtu aliyeshinda akisugua vioo kutengeneza lenzi. Watu wa mji wakakasirika. Baadaye kazi ile ya lenzi ikazaa hadubini, na hadubini ikasaidia kupambana na maradhi.

Nakipenda kisa hicho, ila kina tundu. Tajiri yule alitoa pesa zake mwenyewe. Serikali ikimpa mhadhiri ruzuku ya kuanzisha utafiti, inatoa za mama mboga, zilizokatwa kwenye mafuta ya taa na kwenye salio la simu. Hakuna aliyemuuliza. Kumwambia "kesho utashukuru" hakutoshi.

Tuanze na hesabu. Taifa-1, setilaiti ya serikali iliyorushwa Aprili 15, 2023, iligharimu takriban shilingi milioni 50. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6. Hiyo ni kama shilingi moja kwa kila mtu. Kabla yake, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimeunda 1KUNS-PF, kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Kiliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 11, 2018, kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani. Kwa hivyo unga wako haukuliwa na setilaiti. Ukimtafuta aliyeula, usiangalie juu.

Lakini udogo wa pesa hauzifanyi kuwa halali. Shilingi moja ikiibwa, ni wizi. Basi uhalali unatoka wapi?

Mimi huutafuta Malindi. Desemba 12, 1970, mwaka uleule wa barua ya Sista, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini ikiwa na setilaiti ya Marekani. Iliitwa Uhuru kwa sababu ilirushwa siku ya sikukuu yetu. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Mwaka wa 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, akatuzwa Nobel. Sisi tulichangia ikweta na jina. Miaka 47 ikapita kabla ya chuo chetu kuwa na kijisanduku chake.

Hapo ndipo naona kazi ya ruzuku ndogo. Vijisanduku hivi haviishi: baada ya muda hushuka na kuungua. Anayebaki ni mwanafunzi aliyeunganisha nyaya zake, akijua kesho aulize swali gani bila kungoja mgeni. Mkulima anayeficha mbegu wakati wa njaa haitwi mkatili, kwa sababu kila mtu nyumbani anajua shamba ni lao.

Ila mkulima huyo hapandi kisha akaenda zake. Ruzuku ya mwaka mmoja, halafu maabara ikafungwa na kijana akaenda kutafuta kazi ya kuuza bima, ni kula mbegu polepole. Na mbegu isipoota, mwenyewe lazima aambiwe. Utafiti una ruhusa ya kufeli. Kunyamaza ndiko sikubali: tulijaribu nini, kilikatikia wapi, nani alijifunza, kwa Kiswahili anachokielewa mlipa kodi.

Sista Jucunda aliuliza, akaandikiwa barua ndefu. Mama mboga, ambaye shilingi yake imo ndani, bado hajatumiwa hata SMS.