Sauti Iliyobaki Nyumbani
Somo: Yakobo 3:1-12



Yakobo katika waraka wake ajua vema kwamba mwanadamu ameweza kuwafuga ndege na wanyama. Kilichomshinda ni ulimi wake mwenyewe. Tumelisikia somo hili mara nyingi kanisani. Mwaka huu tumelisoma tukiwa na tundu la kasuku sebuleni, na limekuwa somo jingine kabisa.

Huyu ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wa jamii ile ya misitu ya Kongo na Uganda, ambayo kwetu Kenya ilijulikana katika msitu wa Kakamega. Alikuwa wa mzee mmoja wa kanisa letu aliyelala katika Bwana. Mzee alimwandikisha mwaka 2024, wakati shirika la serikali la wanyamapori, KWS, lilipotoa muda wa kuwaandikisha ndege hawa bila mashtaka. Nasi tulipompokea tulihakikisha kwamba karatasi zake zimekuja pamoja naye. (Jambo hili si dogo. Kasuku hawa wamekamatwa mno misituni, hata mkutano wa mataifa huko Johannesburg mwaka 2016 ukaamua kukomesha biashara ya kimataifa ya wale wanaotolewa porini.)

Kwa nini aliondolewa katika nyumba ile? Familia imetupa ruhusa kusema, ila majina tumeyaacha. Marehemu alikuwa mtu mwenye kutoa, na wengi wetu tumekula mezani pake. Baada ya maziko sauti yake ilibaki. Kila alfajiri kasuku alimwita mjane, "Mama watoto, chai!" kwa sauti ileile ya mzee, pamoja na kikohozi chake. Mama alisema jambo hilo lilimfariji. Lakini kila kitindamimba alipofungua mlango, sauti hiyohiyo ilimlaki kwa ukali: "Mvivu wee! Huna faida!" Kijana huyo ana miaka 24. Neno hilo alilisikia kwa baba yake tangu akiwa shuleni, akalisikia tena siku ya tatu baada ya kumzika. Akaacha kuja nyumbani. Ndipo mama akatuomba tumchukue ndege.

Wageni hutuuliza: mbona hakushika sala ya jioni, iliyosaliwa mbele yake kila siku kwa miaka mingi? Wafugaji wajua kwamba kasuku hushika upesi neno lililosemwa kwa moto wa moyo, iwe ni furaha au hasira. Sala zetu nyingine twazipitisha kwa sauti ya usingizi. Ndege hakuona kitu cha kushika.

Twapenda kusema kwamba mtu fulani anakariri kama kasuku. Tunamwonea ndege. Huko Marekani mtaalamu mmoja, Irene Pepperberg, alimfundisha kasuku wa kijivu aitwaye Alex tangu mwaka 1977 hata ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex aliweza kutaja rangi na maumbo, na kuhesabu hadi sita, na akiletewa kitu asichokitaka alikikataa. Wetu hajafika huko, lakini akitaka maji husema maji, na ukimpa karanga badala yake huitupa chini.

Porini kasuku huishi kwa makundi na huitana wao kwa wao. Aliyetengwa na wenzake huwafanya watu wa nyumba kuwa kundi lake, na hujifunza lugha yao ili asiwe peke yake. Wengi wakikosa wa kuwaitikia hujinyonyoa manyoya. Huyu alitufikia kifua kikiwa kitupu kama cha kuku wa sikukuu.

Basi kazi yetu ya kwanza ilikuwa kumtunza tu, kama Mithali 12:10 itupasavyo. Hula papai, karoti, sukuma wiki, mahindi mabichi na alizeti kidogo. Parachichi ni sumu kwake. Mama mmoja wa Umoja aliyemletea zawadi hiyo tulimrudishia kwa shukrani nyingi. Tundu halikai jikoni, kwa kuwa kile kikaango kisichogandisha chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa iwezayo kumwua ndege upesi. Jioni hufunikwa kitambaa mapema, apate usingizi wa saa kumi au zaidi, nasi tumejikuta tukizima redio kwa ajili yake.

Wengine walitushauri tumkemee anapotukana. Kasuku akikemewa huona kwamba amejibiwa, naye huzidi. Kwa hiyo akitoa tusi, sote twageukia ukuta na kunyamaza. Akisema neno jema, twamwendea na kuzungumza naye. Neno la zamani halifutiki, ila hupungua likikosa wa kuliitikia. Ndege hawa wakitunzwa wengine hufika miaka 40, hata 50, kwa hiyo hatuna haraka.

Si kila nyumba ina kasuku. Nyumba nyingi zina watoto, na nyingine zina msichana wa kazi ambaye jina lake halitajwi ila kwa kelele. Yakobo ashangaa kuona baraka na laana zikitoka katika kinywa kimoja. Mzee wetu aliongoza sala kwa kinywa kilekile, na hatusemi haya kumhukumu. Tulimzika kwa tumaini. Twasema kwa ajili yetu tulio hai, ambao jioni ya leo twaweza bado kumwita mtoto na kumwambia neno jingine, kwa sauti yetu wenyewe. Yeye nafasi hiyo hana tena.

Yule kijana sasa huja kwetu Jumamosi. Mara ya kwanza alisimama mlangoni tu, akaondoka. Siku hizi huleta mahindi mabichi na kusafisha tundu. Manyoya ya kifuani yameanza kuota. Tusi limepungua, halijaisha. Likitoka, kijana hugeukia ukuta pamoja nasi, hungoja kimya, kisha humgeukia ndege na kumsimulia habari za kazini.