Nauli ya Asiyepanda

Ujiji haijawahi kupata reli. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilikuwa ikiishia pale, Burton na Speke walifika pale mwaka 1858, Stanley akamkuta Livingstone palepale mwaka 1871. Lakini Wajerumani walipoifikisha Reli ya Kati ziwani, mwaka 1914, waliipeleka Kigoma, kwenye ghuba yenye kina cha kutosha meli kubwa. Tangu hapo mtu wa Ujiji akitaka kupanda treni inabidi kwanza atafute usafiri wa kumfikisha kwenye treni. Siku hizi ni daladala, au bodaboda ukichelewa.

Ndiyo maana kijiweni kwetu, penye kahawa na kashata, habari za SGR ya Tabora–Kigoma hazikawii kugeuka habari za Ujiji. Mkataba ulisainiwa Desemba 2022: kilomita 506, dola za Marekani bilioni 2.2 hivi. Basi watu wanasema, wakishafika hapo si wavute kidogo tu? Tawi dogo, treni ya asubuhi na ya jioni, wanafunzi, wafanyakazi, akina mama wenye dagaa na migebuka yao, kama Dar. Mimi nalipenda wazo hilo. Ila mara ya mwisho nilipolisikia likijadiliwa, kijana mmoja aliuliza pesa itatoka wapi, na akajijibu mwenyewe kwamba atakayepanda ndiye alipe. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, sisi tulishalipa."

Jibu la mzee lilichekwa. Mimi naona lilistahili kujibiwa.

Tangu mwaka 2015 kuna tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini kwa matumizi ya ndani. Mnunuzi haioni kwa jina hilo, maana imo ndani ya bei ya simu, ya viatu, ya sufuria. Muuza samaki wa Kibirizi ambaye hajawahi kuvuka Uvinza ameilipa, na kwa kiwango kilekile anacholipa mtu wa Masaki. Abiria wa Dar na Morogoro walianza kupanda treni ya umeme Juni 2024, wa Dodoma Julai mwaka huohuo. Sisi wa mwisho wa reli tunasubiri. Kutangulia hapa na kuchelewa kule si dhuluma, maana reli lazima ianzie mahali. Lakini mtu akishalipa kabla, na akalipa sawa na wenzake, huwezi tena kumwambia anaomba hisani. Anadai.

Hapo niko na mzee. Shida ni kwamba hoja yake ina makali pande zote mbili. Mkulima wa Kakonko naye analipa tozo hiyohiyo, na reli haipiti kwake. Sisi tukimwambia achangie tawi la kilomita chache ili mtu wa Ujiji asipande bodaboda, tunamfanyia nini tofauti na kile tunachoilalamikia Dar?

Kwa hiyo kanuni ya kijana inaonekana safi: anayefaidi alipe, na anayefaidi ni abiria. Sentensi ile ya pili ndiyo inayonishinda. Hakuna anayejua abiria wa reli ni nani mpaka miaka ipite. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kwa mkopo wa China usio na riba, ili shaba ya Zambia isilazimike kupita Rhodesia na Afrika Kusini. Mwaka 2012 reli hiyohiyo ikaanza kubeba watu wa Dar kwenda kazini na kurudi nyumbani, sambamba na ile treni ya Ubungo na Stesheni ambayo watu waliibatiza treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Nayo ya Ubungo ilipita juu ya njia ya Mjerumani. Waliotia saini mkopo wa Beijing hawakuwa wakimfikiria karani anayewahi kazini.

Na njia ya Mjerumani ililipiwa na nani? Fedha zilikuwa mkopo uliopitishwa na bunge la Berlin. Matuta yalichimbwa na Waafrika, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, na wengi walikwenda kwa sababu kodi ya Mjerumani ilitaka fedha taslimu na reli ndiyo ilikuwa na fedha taslimu. Hawakuulizwa reli ipite wapi. Mzee aliposema "tulishalipa" sidhani kama alikuwa anahesabu kuanzia 2015.

Kuna mfaidikaji mwingine ambaye kijana hakumtaja. Huyu hapandi treni kabisa. Ana kiwanja. Siku stesheni ikitangazwa, kiwanja chake kinapanda bei naye amekaa barazani anakunywa chai. Kupanda huko kumetengenezwa na tozo ya muuza samaki, na deni ambalo watoto wetu watakuja kulilipa. Mimi kwa maoni yangu tawi la Ujiji, likija kujengwa, lingeanzia kudai hapo: sehemu ya ile nyongeza irudi kwenye reli. Mkulima wa Kakonko apumzike, na nauli ya mwanafunzi iwe ndogo.

Tatizo ni chombo tulicho nacho. Kodi ya majengo ilipohamishiwa kwenye LUKU, Agosti 2021, nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, iwe inatazamana na stesheni au iko huko ambako hata bajaji haifiki. Na anayekatwa ni yule anayenunua umeme. Kwa maelezo ya serikali mpangaji anapaswa kurudishiwa na mwenye nyumba, lakini nenda kamwombe mwenye nyumba wako hiyo pesa. Tukiiacha hivyo, treni itakapofika Ujiji mpangaji wa Ujiji ataongezewa pango kwa sababu stesheni iko karibu, na kodi ya nyumba hiyo ataendelea kuilipa yeye, kila anapoingiza tokeni.