Mabaki na Amri ya Saba



Twaijua sote habari ya watu elfu tano walioshibishwa kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Walakini wengi wetu huisoma mpaka pale watu waliposhiba, kisha hufunga kitabu. Hatuliangalii jambo lililofuata: Bwana, aliyeweza kufanya mkate mwingine papo hapo, aliwatuma wanafunzi wake wayakusanye mabaki, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliye na vyote hakukubali kitu kipotee. Je, sisi tulio na vichache tutatupa ovyo?

Wazee wa Ufipa waliifahamu hekima hiyo kwa kazi ya mikono yao. Nchi hii ya juu ina majani mengi na miti michache. Basi waliyafukia majani chini ya udongo, wakafanya matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Majani yakaoza humo, hata mwaka uliofuata tuta likatawanywa, na ulezi ukapandwa juu ya mbolea hiyo. Tena waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu ziitwazo malungu, ambazo magofu yake yangaliko. Katika karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea, tanuru zile zilizimika. Wahunzi wakashika kufua vyuma vikuukuu.

Siku hizi kazi ya mabaki imekuwa biashara kubwa. Vijana huzunguka na mikokoteni wakinunua vyuma chakavu kwa kilo. Mizigo hupakiwa katika malori, ikapita Laela na Tunduma hata kufika Dar es Salaam, na huko viwanda huyeyusha chuma kwa nguvu za umeme, zikatoka nondo za kujengea. Sufuria zilizotoboka huyeyushwa, zikawa sufuria mpya. Na kuyeyusha alumini ya zamani hutaka kama sehemu 5 tu katika 100 za nguvu zinazotakiwa kuitoa mpya katika mawe yake. Chupa za plastiki huoshwa na kusagwa. Tairi kuukuu hukatwa zikawa ndara. Kazi hii ni ya heshima, wala mtu asimdharau kijana aifanyaye.

Lakini Katekisimo yatufundisha ya kuwa Amri ya Saba haikatazi wizi wa usiku tu. Yakataza pia biashara ya hila, tena yatuagiza kuilinda mali ya jirani. Basi na tuipime kazi ya mabaki kwa maswali matatu.

Kwanza: Je, kitu hiki ni mabaki kweli? Mpini wa pampu ya kisima si chuma chakavu, wala kibao cha barabarani, wala chuma cha daraja. Auzaye ni mwizi. Naye anunuaye pasipo kuuliza ni mwenziwe. Kwa fedha ya siku moja kijiji kizima hukosa maji, na akina mama hurudi kuchota mtoni. Mtoto akileta chuma nyumbani, mzazi asifurahie bei kabla hajauliza kimetoka wapi.

Pili: Je, mizani ni ya haki? Bibi kizee aletaye sufuria yake iliyotoboka hajui kusoma mizani. Mungu ajua kuisoma.

Tatu: Je, moshi wa kazi hii wamwangukia nani? Huko Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari. Sumu yake iliwaingia watu wa kijiji, hata watoto, na wengine wakafa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini fedha haiwezi kumrudisha mtoto aliyezikwa. Kwa hiyo asiwepo kati yetu apasuaye betri uani, wala achomaye plastiki karibu na jiko la jirani. Serikali yetu nayo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, na sheria yamtaka mfanyabiashara wa vyuma chakavu awe na kibali. Kuzitii sheria hizo ni sehemu ya kumpenda jirani.

Ninyi wainjilisti na walimu, mfundishapo Amri ya Saba, msiishie kwa mwizi wa kuku. Waulizeni watoto habari za pampu na mizani. Na kila usharika uchimbe shimo la mbolea karibu na kanisa, watu waone ya kuwa twayatenda tuyahubiriyo.

Mungu hakututupa sisi tulioharibika kwa dhambi, bali alitutafuta, akatufanya wapya kwa gharama ya Mwanawe. Aliyeokotwa hivyo na ajifunze kuokota kwa haki.

Amina.