Baharia Aliyegeuzwa Kipimo

Mwaka 1850 Mfaransa Maxime Du Camp alikuwa akisafiri katika Mto Nile, akipiga picha za magofu ya Misri na Nubia. Picha 125 za safari yake zilitoka kitabuni mwaka 1852. Katika nyingi yupo mtu mdogo, amesimama kando ya nguzo au juu ya sanamu. Aliwekwa awe kipimo: bila yeye, mtazamaji wa Paris asingejua kwamba masanamu ya Abu Simbel yana urefu wa karibu mita 20.

Huyo alikuwa Mnubi, baharia wa chombo chao, Haji Ismail. Kamera za wakati ule zilitaka mtu atulie muda mrefu. Du Camp anasimulia mwenyewe jinsi alivyomtuliza: alimwambia kwamba mdomo wa shaba wa kamera ni mzinga, na akitikisika tu utammiminia risasi.

Sisi wanafunzi wa dini tukizungumzia picha huishia kwenye uhalali wa sura yenyewe. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri, aliruhusu picha ya kamera kwa hoja kwamba ni kuzuia kivuli, wala si kuumba. Naikubali. Lakini hoja hiyo haimfai kitu Haji Ismail, aliyesimama pale kwa hofu.

Abu Dawud amepokea kisa cha masahaba waliomchukulia kamba mwenzao akiwa amelala safarini, naye akashtuka. Mtume (s.a.w.) akakataza Mwislamu kumtisha mwenziwe. Ule ulikuwa mzaha wa kamba! Du Camp hakuwa Mwislamu, sawa, ila sisi tunaosifu picha zake ni Waislamu.

Mtu atasema bila hila ile picha zisingepatikana. Kwa nini? Baharia angeweza kuelezwa, akalipwa ujira wake, akatulia.

Hapa Mbugangari hatuna magofu. Tuna akina mama wanaovuka Petite Barrière na mizigo kichwani, na tuna simu. Mama anapigwa picha bila kuambiwa neno, kisha sura yake inatumika kuonyesha ukubwa wa umaskini. Kutomwambia ni kosa jepesi kuliko kumdanganya, lakini naye amegeuzwa kipimo.

Basi tukigawa sadaka Ramadhani ijayo, napendekeza mwenye kamera aombe ruhusa baada ya mtu kupokea mfuko wake, siyo kabla, asije akadhani picha ndiyo bei ya unga.