Kumuua Mungu wa Jirani

Katika kibanda kimoja cha gemu mjini Homa Bay, kijana wa miaka kama 14 alimuua Zeus mbele yangu. Nilikuwa nimejibanza pale kukimbia mvua. Vidole vyake vilikwenda mbio kuliko macho yangu, na Kratos, shujaa wa gemu, akamtwanga mungu mkuu wa Wagiriki kwa ngumi mpaka skrini nzima ikawa nyekundu. Wenzake wakashangilia. Gemu yenyewe ilikuwa God of War, ile ya tatu iliyotoka 2010, ya kizamani kwa hesabu yao. Nikamuuliza, huyo mzee amekukosea nini? Akanijibu bila kugeuka, akiniita mzee kwa Kiluo: "Jaduong', huyo ndiye bosi wa mwisho. Usipomuua, gemu haiishi."

Mvua iliisha lakini sikuondoka. Nilitaka kuona wengine walivyokufa, naye akanirudishia nyuma kwa ukarimu wa mtu anayejua kazi yake. Poseidon anapouawa, bahari inafurika. Helios anapong'olewa kichwa, jua linafunikwa na mawingu. Kumbe waliotunga gemu hii walijua kwamba mungu hafi peke yake. Ila wale watu wanaozama chini ya mlima wa miungu hatuwasikii. Hakuna hata mmoja anayepewa nafasi ya kusema, "Huyo unayemchinja, sisi tulikuwa tukimwomba."

Huku kwetu ni hao wa chini tunaosimuliwa habari zao. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la magadi, Simbi Nyaima. Mwanajiolojia atakwambia ni shimo la volkano. Wazee wa Karachuonyo watakwambia palikuwa na kijiji, watu wakinywa na kucheza, akaja bibi kizee mchafu, amelowa, akiomba hifadhi. Wakamfukuza. Usiku uleule maji yakawameza. Nimeisikia kwa namna nyingi, lakini katika zote yule bibi hakujitambulisha. Mungu alibisha hodi kama mgeni asiyependeza, na hapo ndipo ugumu wote ulipo, kwa sababu ukimjua kuwa ni mungu utamkaribisha hata kwa woga tu.

Mwaka 1987, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Homa Bay, huko Nyakach, mgeni wa namna hiyo alikuja tena. Chatu. Watu walimwita Omieri, kama walivyowaita chatu waliomtangulia, na ujio wake ulimaanisha mvua na mavuno. Kichaka alichokuwemo kikachomwa moto, naye akaungua vibaya. Alitibiwa, lakini hakupona. Mwili wake umehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, mbali na mashamba aliyotarajiwa kuyaletea mvua.

Siwezi kumlaumu aliyewasha moto ule. Mwenye watoto wanaotambaa uani akiona chatu, haulizi kwanza kama ni mtakatifu. Woga una haki zake. Lakini pia siwacheki waliomlilia. Kwao hakufa nyoka. Ilikuwa kama mtu amevunja chungu ambacho ukoo mzima ulikuwa ukitekea maji.

Kesi ngumu zaidi ni ya Mumbo. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisimulia kwamba Mumbo, joka kubwa la ziwani, lilimmeza, likamtapika mzima, likampa ujumbe. Imani ile ikashika kasi Kavirondo Kusini, yaani Migori, Homa Bay na Kisii za leo. Mumbo aliwaambia watu wazungu wataondoka. Septemba 1914 Wajerumani walipoushambulia mji wa Kisii na maofisa wa Kiingereza wakauhama, nani angebisha? Serikali iliona hatari, ikawakamata viongozi na kuwahamishia mbali na kwao.

Ingekuwa rahisi kusema Waingereza walitaka kumuua mungu wa watu ili kodi iingie, na mimi niishie hapo. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini Mumbo huyohuyo aliagiza jembe liachwe na mifugo iliwe, kwa ahadi kwamba mingine itatoka ziwani. Haikutoka. Mungu anayewaacha waumini wake na zizi tupu ana swali la kujibu, na pengine anastahili kuachwa. Ninachokataa ni kwamba swali hilo liulizwe na bwana shauri mwenye askari nyuma yake. Yeye hakuwa amechinja ng'ombe hata mmoja kwa ahadi ile. Hakuwa na deni la kudai.

Basi nikiulizwa, hukumu yangu ni hii: mwenye haki ya kumzika mungu ni yule aliyewahi kumwomba. Gaudencia Aoko alipozunguka Nyanza mwaka 1963 akipiga vita uchawi, watu walitoa hirizi zao wenyewe zikachomwa. Moto ule haukufanana na wa Nyakach, wala na amri za bwana shauri. Aliyetupa hirizi alijua anatupa nini, alijua ilimlinda dhidi ya nini, na usiku ule alilala bila kinga akiwa amechagua mwenyewe. Mgeni angeweza kumhubiria, hata kumbishia mpaka kuche, lakini kuingia ndani na kuichukua hirizi ile hakukuwa kazi yake.

Hata hivyo, kifo chenyewe cha mungu hakitabiriki. Simeo Ondeto, aliyeanzisha kanisa la Legio Maria pamoja na Aoko, alifariki mwaka 1991. Wafuasi wake wanaamini alikuwa Masihi. Kaburi lake liko Got Kwer, Migori, na mahujaji bado wanakwenda.